Gombani tulijaa hadi juu ya miembe, maji ya mfereji yakaletwa na daftari la skuli

Mwana wa Chasasa (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wanabaraza. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite salama, ila asije akaniandikia "fupisha".

Mie mtoto wa Wete. Udogoni nilipelekwa mkutanoni kama wengine walivyopelekwa maulidini. Siku Maalim Seif, kiongozi wetu wa upinzani wa chama cha CUF, akija uwanja wa Gombani ya Kale, Chake, kwetu hapalali mtu mchana. Mama keshapiga pasi kanga zake, baba keshasema na mwenye gari ya shamba, na sisi watoto tumeambiwa tukikosa pa kukaa tutaning'inia. Tukifika uwanja umejaa, miembe imejaa, kuna watu juu ya paa za gari walizokuja nazo. Yeye anakuja baada ya laasiri, na kofia yake na miwani yake, wala hana haraka. Msidhani alikuwa mpiga kelele. Alikuwa akisema maneno mawili, ananyamaza, anawatazama watu. Kile kimya ndicho kilichokuwa kikimliza mama yangu mdogo. Kisha mtu huko nyuma anapiga "Haki!" na uwanja mzima unaitikia "Sawa kwa wote!", kifua chako chenyewe kinatetemeka.

Magharibi tunarudi kulala kwa bibi, shamba. Gizani. Umeme wa Pemba wakati ule ulikuwa wa majenereta ya Wesha, leo upo kesho haupo, na kwa bibi haujafika kabisa. Mama anawasha koroboi, anavua kanga ya mkutanoni, anachukua ndoo anakwenda kisimani.

Uwanja ule na ndoo ile nimekaa navyo kichwani zaidi ya miaka ishirini. Sijapata kuelewa vinakutana wapi.

Maana nikihesabu vitu vilivyogeuza maisha ya watu wangu kwa macho yangu, hakuna hata kimoja nilichokiona kikizaliwa Gombani. Umeme wa uhakika umekuja 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, pesa nyingi zikiwa za Wanorwei. Sikumbuki mtu aliyelia kwa ajili ya waya. Karafuu je? Miaka mingapi zilikuwa zikilala Pemba na kuamkia Kenya? KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanazunguka baharini, askari wako bandarini, redio inatukana magendo asubuhi na jioni, na magunia yanavuka. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei, ikasema mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Watu walewale waliokuwa wakiitwa wahaini wakapanga foleni kwenye vituo vya ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, mchana kweupe. Uzalendo wao ulikuwa uleule wa mwaka juzi yake. Kilichobadilika ni hesabu iliyofanywa na watu wa ofisini ambao sura zao hatuzijui.

Sasa kisa chenyewe. Shehia, yaani mtaa wa kiserikali, tunayokaa siku hizi (siitaji, nina ndugu wengi pale) ilichimbiwa kisima cha pampu msimu mmoja wa kampeni. Mgombea akafungua mfereji, akanywa, akapigwa picha, wanawake wakapiga vigelegele. Maji yakatoka wiki tatu. Baada ya hapo yakawa yanatoka siku anayopenda Mola. Msimu uliofuata akaja mwengine, mcheshi ajabu, anajua mpaka majina ya watoto wetu. Akaahidi. Msimu wa tatu vilevile. Na kila tukienda kuuliza katika ile ofisi inayohusika jawabu ni moja, kisima kimekauka, subirini mradi mpya.

Shangazi yangu aliishia darasa la sita. Ni mshika fedha wa kikundi chao cha hisa, na katika hisa kila shilingi inaandikwa, la sivyo mnagombana. Siku moja akachukua daftari la skuli la mjukuu wake, kurasa za nyuma, akaanza kuandika tarehe, maji yametoka saa ngapi, yamekatika saa ngapi. Basi. Watu wakimcheka, "Unamwandikia nani, malaika?"

Kaandika siku 61. Maji yametoka siku 9. Na kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikijua ni kwamba siku zote hizo 9 yalitoka kuanzia saa nane usiku, yakakatika kabla watu hawajaamka.

Fikirieni hapo. Kisima kilichokauka hakitoi maji saa nane usiku.

Wakaenda wanawake watano na daftari lao. Mara ya kwanza waliambiwa waandike barua. Mara ya pili mhusika yuko Unguja. Mara ya tatu kijana mmoja fundi akalitazama lile daftari, akanyamaza, akauliza, "Hapo kwenu kuna maduka mangapi yenye friji?" Kumbe kisima kizima. Umeme ndio uliokuwa mdogo. Tangu kichimbwe, watu wameunga majumba, mafriji, mashine za kusagia, waya uleule na transfoma ileile, na mchana pampu haina nguvu ya kuwaka. Usiku wenye mafriji wamelala, pampu inaamka. Transfoma kubwa imechukua miezi saba kuja. Leo maji yanatoka siku moja ndani siku moja nje, na tunamshukuru Mungu.

Wagombea watatu wenye ndimi za asali wamepita juu ya kisima kile na hakuna aliyejua kina nini, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua. Tulikuwa tukiwapa kilio, wao wanatupa ahadi, kilio na ahadi vinalingana vizuri mno. Mie nasema mpiga kura wa kwetu anamaliza kazi yake siku ya kura, wakati kazi yenyewe inaanza siku ile watu wameshashuka kwenye miembe.

Nipigeni.


Muuza Urojo

Nimesoma mpaka kwenye ndoo nikashikwa na wateja. Nimerudi. Hilo la malaika nimecheka peke yangu kama mwehu.


Mjukuu wa Afro

Waalaykum salaam. Umeandika vizuri, lakini umeruka upande mzima wa historia, na nadhani umeruka makusudi.

Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, alikuwa na nini kama si haiba? Baharia, skuli hakukaa sana, akisimama Ng'ambo watu wanasimama naye. Na hakuishia kusimama. Mapinduzi Januari 1964, tarehe 23 Septemba mwaka huohuo akatangaza elimu bila malipo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa kibarua wa palizi kwenye shamba la watu, akapewa eka tatu, kwa mara ya kwanza akapanda muhogo ambao akiung'oa haulizwi. Leo mimi nina shahada. Hakuna shangazi wala daftari ambalo lingefanya vile. Daftari bila ya mtu wa kuthubutu ni karatasi za kufungia njugu.

Na nyinyi Wapemba msitake kutwambia kuwa mmeshamchoka Maalim leo. Mlimfuata miaka thelathini bila kuuliza maji.


Mwana wa Chasasa

Ndugu yangu, hatujamchoka, Allah amrehemu. Na la elimu bila malipo nalikubali kwa mikono miwili, hata mimi nimeila.

Lakini hebu tuitazame hiyo mifano yako miwili. Elimu na eka tatu zimetoka kinywani mwa mtu mmoja, karibu wakati mmoja. Elimu ikawekewa walimu, mishahara, ukaguzi, bajeti ya kila mwaka. Mzee kauawa Aprili 1972 na kesho yake watoto wakaenda skuli. Eka tatu je? Mtu alipewa atumie, si mali ya kuuza. Nenda leo kaulize ziko wapi. Zimegawanywa na warithi, zimeuzwa kwa karatasi ya mkono, nyengine kwa mdomo tu mbele ya mashahidi wawili ambao wameshakufa, na watu wanaburuzana mahakamani. Aliyezitoa ni mmoja na ushujaa ni mmoja. Mbona kimoja kimesimama na kimoja kimemong'onyoka?


Mjukuu wa Afro

Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu. Usiende kujitangaza.


Babu wa Mchangamdogo

Vijana, mimi siandiki sana, ananiandikia mjukuu.

Nyinyi mnazungumza kama kwamba kura imeanza na vyama vingi. Januari 1961 jimbo la Chake Afro, chama cha Afro-Shirazi cha Mzee Karume, walilipata kwa kura moja. Moja. Nakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakimtafuta nani hakwenda kupiga, huyu anasema alikuwa mgonjwa, yule anasema ng'ombe wake alikatika kamba. Viti vikawa 10 kwa Afro, 9 kwa Hizbu, yaani ZNP, 3 kwa chama kidogo cha ZPPP, na hao watatu nao wakagawanyika, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Ukaitwa uchaguzi mwengine Juni, na ghasia zake, watu 68 wakafa. Hapakuwa na upungufu wa wasemaji wazuri mwaka ule. Sheikh Ali Muhsin wa Hizbu akisema, unasahau kurudi nyumbani.

Kisha 1963, Afro wakapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Kura nyingi, viti vichache, kwa namna majimbo yalivyokatwa. Mtu mwenye penseli na ramani aliwashinda wote wenye sauti. Yaliyofuata Januari mnayajua.

Jengine. Mwanzo wa miaka ya sabini mchele ulikuwa wa foleni, unga wa ngano wa foleni, sabuni ya foleni. Ukikutwa na mchele wa magendo una kesi. Hotuba zilikuwepo kila siku, tena kali, tujitegemee. Mwaka 84 Mzee Jumbe akajiuzulu, akaja Mzee Mwinyi, Seif akiwa Waziri Kiongozi wake. Mwinyi mtu mpole, hakuwa akitikisa uwanja. Biashara ikafunguliwa. Haukupita muda, maduka ya Wete yalikuwa na khanga mpya na mchele wa Pakistan. Mke wangu alishika kitambaa akakinusa. Hakuna aliyepanda juu ya mwembe siku hiyo.


Muuza Urojo

Babu shikamoo. Ng'ombe wake alikatika kamba 🤣 jimbo likaenda.


Bi Mwani

Nimewasoma wanaume wote. Haya, na mie niseme.

Mwani umeanza kupandwa 1989 upande wa Paje, ukaja na kwetu huku Pemba. Waume zetu walitucheka, wakasema hii kazi ya kucheza na maji, wakaondoka wakarudi kuvua. Tukabaki sisi na vijiti na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, maji ya bamvua yakitoka tumo baharini mpaka viunoni. Miaka miwili, mitatu, nani aliyekuwa akinunua daftari na viatu vya skuli nyumbani? Nani aliyeezeka bati? Mwanamke aliyekuwa akiomba shilingi ya sabuni akawa anakopesha. Hayo ni mabadiliko na wala hayana rais.

Lakini msinichukue nikawaunga mkono hivihivi. Bei ya mwani anaipanga mnunuzi, kilo kwa shilingi mia chache, na ile aina iliyokuwa ikilipa vizuri, kotonii, imekufa sehemu nyingi kwa sababu ya joto la maji. Daftari ninalo, tena zaidi ya moja, nimeandika kila gunia. Nimempelekea nani? Hapo mtu mwenye sauti kubwa anatakiwa. Mwana wa Chasasa, shangazi yako alikuwa na fundi wa kwenda kumkuta, sie mwenye bei yuko nchi za watu.

Na kuna kitu mmekipita kama mnaopita kaburini bila ya salamu. Januari 2001. Mnasema mikutano haikuleta kitu, watu wanapanda miembe wanashuka. Kuna waliotoka nyumbani kwao wakaenda katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000 na hawakurudi. Wengine wakapanda madau usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya, zaidi ya watu elfu mbili, watoto migongoni. Ndipo Oktoba ya mwaka uleule ukasainiwa muafaka wa pili wa CCM na CUF. Hao hawakuwa wakifuata haiba ya mtu, na wala hawakuwa na daftari. Walikuwa na roho zao. Waandikeni na hao katika hesabu yenu.


Mwana wa Chasasa

Bi, umenisema na umenisema kwa haki. Nilikuwa mtoto mwaka ule, nimewaona watu wakishuka bondeni usiku na sikujua wanakwenda wapi. Sikuiandika kwa sababu kwetu bado haizungumzwi mezani. Si udhuru, nakiri tu.


Mwanafunzi Tunguu

Naomba kuingia kidogo, mimi nasoma mambo haya.

Kuna mtaalamu wa Kijerumani, Max Weber, alisema mamlaka ya haiba yana tatizo moja, anayeyabeba atakufa. Basi wafuasi lazima wayageuze yawe kanuni au ofisi, au yatapotea naye. Nikitazama Zanzibar naona mfano ulio wazi kuliko hata ile ya vitabuni.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume, mtoto wa yule Mzee Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu, mlango umefungwa, hakuna jukwaa. Januari 2010 hoja ya serikali ya pamoja ikaingia Baraza la Wawakilishi. Tarehe 31 Julai tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndio. Ikaingia katika Katiba kuwa chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Februari 2021 Maalim akafariki. Kiti chake hakikuzikwa naye Mtambwe. Machi akaapishwa Othman Masoud, mtu ambaye kwa heshima zote hajawahi kumliza mama mdogo wa mtu yeyote kwa kunyamaza. Kipengele kimefanya kazi ambayo haiba haiwezi.


Mjukuu wa Afro

Mwanafunzi, na kati ya 2016 na 2020 hicho kipengele kilikuwa wapi? CUF walisusia marudio ya uchaguzi ya Machi 2016, Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 91.4 ya kura, miaka minne na ushei hakuna Makamu wa Kwanza. Kipengele kilikaa kwenye karatasi kama shati kwenye kamba. Kilirudi kwa sababu Disemba 2020 mtu mmoja, Maalim mwenyewe, aliamua kukubali kuapishwa huku wafuasi wake wengi hawataki. Nani angewatuliza wale kama si huyohuyo mwenye haiba?


Mwanafunzi Tunguu

Hilo la nguvu. Narudi kufikiri.


Baharia wa Kojani

Nyinyi nyote mmesoma. Mie nimevua tu. Nitawapa cha Misali.

Kile kisiwa kiko magharibi ya Chake, hakina mtu wa kudumu, tunapiga dago, kambi ya wavuvi, pale tangu enzi za mababu. Wazee wanasema Nabii Khidhri alifika akawataka wavuvi msala wa kusalia, hawana. Akasema kisiwa hiki kimeelekea kibla, ni mithali ya msala. Ndiyo Misali. Miaka ya tisini likaja neno, kuna mwekezaji anataka kujenga hoteli. Hoteli ikijengwa, dago hakuna, na wavuvi maelfu wa vijiji vingi wanategemea maji yale.

Hakuna aliyekuja na spika. Habari ilikwenda kwa madau. Ukikutana na mtu baharini unamwambia, yeye anamwambia wa bandari yake. Watu wa Kojani na watu wa Wesha kwa kawaida tunagombania samaki, safari hii tukakaa chini. Hoteli haikujengwa. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, na wavuvi wenyewe wakawekwa ndani ya kamati ya kuisimamia. Halafu ndiyo ikaja kazi ngumu, kuambiana sisi kwa sisi. Maana wapiga baruti na wenye nyavu mbaya hawakutoka Ulaya, ni ndugu zetu. Masheikh wakaingiza katika khutba, mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, samaki na matumbawe ni amana. Kuna mzee niliyemwona akiacha kigumi, uvuvi unaovunja matumbawe, baada ya khutba, na polisi walikuwa wamemshindwa.

Kwa hivyo mie naona mnagombana bure, haiba hii haiba ile. Sheikh yule naye alikuwa na haiba yake. Ila alikuwa akirudi kijijini kwake kulala, kesho unamkuta sokoni, unaweza kumwuliza. Mwanasiasa akishashuka jukwaani anapanda gari ya vioo vyeusi.


Kijana wa Darajani

Wanabaraza, mnanifanya nisinzie. Misali vizuri, daftari la maji vizuri. Mie nataka daftari moja tu linalonihusu, la wapigakura.

Nimehama nyumba kwa sababu ya kodi. Sheria inanitaka nikae jimboni miezi 36 mfululizo ndipo niandikishwe. Mpangaji gani wa Mjini anakaa nyumba moja miezi 36? Kisha lazima kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na kukipata lazima fomu ipitie kwa sheha, mkuu wa shehia. Sheha mimi sikumchagua, kateuliwa. Alikuwa ananitazama usoni kila nikienda, ananambia fomu zimekwisha, rudi wiki ijayo. Nimerudi mara sita. Shangazi wa watu kaandika siku 61, mimi ningeandika nini? "Fomu zimekwisha" mara sita?

Mwaka 1995 urais uliamuliwa kwa kura 1,565. Mwaka 2010 asilimia 50.1 kwa 49.1. Kwenye visiwa ambavyo mwanya ni mwembamba hivyo, fomu ishirini kwa kila sheha zinatosha. Na hata mkizipata fomu zote, Oktoba 25, 2015 watu walipiga kura, tarehe 28 mtu mmoja, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, akatangaza kuwa uchaguzi mzima umefutwa. Mwana wa Chasasa, nambie, hapo transfoma iko wapi? Unadhani tunapenda jukwaa kwa ujinga? Tunapenda jukwaa kwa sababu ni mahali pekee ambapo tunahesabiwa na wote tukaiona hesabu. Pale uwanja wa mikutano wa Kibanda Maiti hakuna anayeweza kufuta watu waliokuja.


Bi Mwani

Mwanangu, umesema.


Mwana wa Chasasa

Kijana wa Darajani, nimelala na maneno yako, nimeamka nayo, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

La kwanza, nimekosea katika mwanzo wa uzi. Niliandika kama kwamba tulikuwa tukipanda miembe kwa sababu ya uzuri wa sauti ya mtu. Baba yangu nimempigia simu jana nikamwuliza kwa nini alikuwa akinibeba mpaka Gombani. Kasema, "Nilikuwa nataka uone kuwa hatuko peke yetu." Hakumtaja Maalim hata mara moja. Nikamwuliza unakumbuka alichosema siku ile? Hakumbuki. Anakumbuka nani alikaa naye kwenye gari, na kwamba gari liliharibika Ole, wakasukuma.

La pili, 2015 sina jawabu lake. Ningesema ninalo ningekuwa mgombea. Ila nakumbuka kitu ambacho wewe wa Mjini labda ulikiona pia. Zile siku baada ya tarehe 28, vijana wa kwetu walikuwa na hasira ambayo sijaiona tena. Maalim akasema watulie. Wakatulia. Hiyo nayo ni haiba, na safari ile kazi yake ilikuwa kuwazuia watu, nami nikiandika uzi wangu nilikuwa nikiipima kwa mifereji peke yake. Mjukuu wa Afro, hesabia pointi hiyo.

La tatu ndilo ninalolishikilia. "Fomu zimekwisha" mara sita, ndiyo, andika. Tarehe, saa, jina la aliyekujibu, nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni na yeye kaambiwa nini. Peke yako ni manung'uniko. Mkiwa arubaini katika shehia moja, na wote tarehe zenu zinaonesha fomu zilikwisha kwenu lakini jirani yenu kapewa saa ileile, hicho ni kitu cha kumwekea wakili mezani, na mwangalizi wa uchaguzi mezani, na huyo mwenye sauti mnayemjazia Kibanda Maiti mezani pia, ajue cha kusema akisimama. Mimi simwambii mtu asiende mkutanoni. Nenda, na daftari mfukoni, maana pale ndipo utakapowapata hao arubaini.

Bi Mwani, la bei sijui. Nadhani nyinyi mkilinganisha madaftari ya Tumbe na ya Paje na ya Kidoti, nani kalipwa ngapi mwezi gani na mnunuzi gani, mtajua jambo ambalo wanunuzi wangependa msilijue. Lakini nyinyi ndio mliomo majini, mimi nakaa kitini.


Bi Mwani

Paje nina mkwe. Nitamwuliza. Madaftari yake sijui kama anayaweka, yule anaweka kila kitu kichwani.


Mjukuu wa Afro

Pointi nimeipokea. Daftari nitalinunua lakini la kijani.


Kijana wa Darajani

Sijashawishika kwa yote. Arubaini siwapati, watu wanaogopa sheha atawanyima barua ya mkopo, barua ya harusi, kila kitu kinapita kwake. Saba naweza kuwapata. Mmoja wao ni mama mwenye nyumba na kila mtu anamwogopa, sheha pia.


Mwana wa Chasasa

Anzia kwa huyo mama.


Muuza Urojo

Nami niwekeni, wa nane. Mwaka jana niliambiwa jina langu lipo daftarini ila tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ya 1909. Nikamwambia karani, mwanangu, urojo wangu ni mkongwe lakini si hivyo. Kanambia rudi wiki ijayo.


Kijana wa Darajani

Rudi ilikuwa tarehe ngapi?


Muuza Urojo

Sikuandika 😔


Baharia wa Kojani

Mwana wa Chasasa, shangazi yako aligawa vipi zile safu zake? Piga picha ya ukurasa mmoja uweke hapa. Sie bandarini tunataka kuandika siku mashua ya doria inazotoka, maana wanasema wanatoka kila wiki.


Mwana wa Chasasa

Daftari lenyewe anakwenda nalo kila mahali, hata harusini, analifunga kwenye kanga. Ijumaa nitakwenda kula kwake. Nitapiga picha akiwa anapakua.